Kwa nini spika yenye sauti kubwa huonekana bora kuliko nyingine?

Mteja anaingia katika duka la vifaa vya umeme mtaani Buyenzi, jijini Bujumbura. Mbele yake kuna sabufa mbili. Muuzaji anaunganisha simu yake na ya kwanza, wimbo unasikika. Kisha anaiunganisha na ya pili, wimbo uleule, na mara hii kifua cha mteja kinatetemeka kwa besi. Hahitaji kuuliza zaidi. Anaichukua ya pili, ambayo bei yake iko juu.

Usiku, nyumbani, anaiwasha kwa sauti ya kiasi ili majirani wapate usingizi. Besi ile ya dukani haipo, na maneno ya mtangazaji wa redio yanasikika kana kwamba yanatoka ndani ya mtungi. Kifaa hakijaharibika, wala muuzaji huenda hakukusudia kudanganya. Ni kwamba dukani sabufa ya pili ilikuwa imefunguliwa sauti kubwa kuliko ya kwanza.

Wahandisi wa sauti wamelijua kosa hili kwa miaka mingi, na kanuni yao ni fupi: vifaa viwili havilinganishwi mpaka ukubwa wa sauti zake ulingane. Pasipo hivyo, kinachopewa alama si kifaa, bali mkono ulioshika kitufe cha sauti.

Kwa mkazi wa Bujumbura jambo hili linagusa mfuko. Redio, sabufa na ampilifaya karibu zote huagizwa kutoka nje, na uhaba wa fedha za kigeni unaoikabili Burundi umezidi kuzifanya ghali. Aidha, baada ya soko kuu la jiji kuteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara walitawanyika katika masoko na maduka ya mitaani. Mnunuzi anaweza kusikia kifaa kimoja asubuhi mtaa huu na kingine jioni mtaa ule, kisha akaamua kwa kumbukumbu.

Sikio halipimi kama mizani

Mwaka 1933, watafiti wawili wa maabara za Bell nchini Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha matokeo ya majaribio ambayo hadi leo ni msingi wa elimu ya usikivu. Waliwasikilizisha watu milio ya masafa mbalimbali, mizito na myembamba, na kuwataka waeleze ni wakati gani kila mlio ulikuwa sawa kwa ukubwa na mlio mmoja wa marejeo wenye mitetemo 1000 kwa sekunde.

Walibaini kwamba sikio halina usawa. Sauti inapokuwa ndogo, sikio husikia vyema masafa ya kati, yale yenye sehemu kubwa ya maneno ya binadamu, lakini hupoteza sehemu kubwa ya besi. Kadiri sauti inavyoongezwa, ndivyo besi inavyoyafikia masafa mengine. Michoro inayoonyesha tabia hiyo ilikuja kuwa kiwango cha kimataifa kijulikanacho kama ISO 226, ambacho kilifanyiwa marekebisho mapya mwaka 2023.

Maana yake ni kwamba anayeongeza sauti habadilishi ukubwa peke yake. Anabadilisha pia ladha ya muziki masikioni mwa msikilizaji. Ngoma inakuwa nzito na wimbo mzima unaonekana kujaa. Msikilizaji, ambaye hajui kilichotokea, huupa utamu huo jina la ubora.

Hatari zaidi zipo katika tofauti ndogo. Kifaa kimoja kikipiga kelele zaidi waziwazi, kila mtu hutambua na kuomba kipunguzwe. Lakini tofauti ya desibeli moja, au chini ya hapo, mara nyingi haitambuliki kama ukubwa. Hutafsiriwa kama uwazi au uhai wa sauti. Ndiyo sababu wataalamu wanaofanya majaribio makini ya vifaa hujitahidi kusawazisha viwango hadi tofauti isizidi takriban desibeli 0.1.

Hesabu ya desibeli na namba za kwenye boksi

Desibeli haijumlishwi kama kilo za mchele, kwa kuwa ni kipimo cha uwiano. Nguvu ya umeme inayopelekwa kwenye spika ikiongezwa maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu. Ili wasikilizaji wengi waseme kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, inahitajika nyongeza ya takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi.

Hesabu hiyo inatosha kumwokoa mnunuzi na mtego wa wati. Ampilifaya ya wati 100 haitoi sauti maradufu ya ile ya wati 50. Tofauti yao, vitu vingine vikiwa sawa, ni desibeli 3: inasikika, lakini haistaajabishi. Kuhusu maandishi ya PMPO yenye maelfu ya wati yanayopamba maboksi ya sabufa nyingi, hakuna kiwango cha kimataifa kinachokubalika cha kuyapima, na sabufa haiwezi kutoa kwa mfululizo nguvu inayozidi ile inayoivuta kutoka kwenye soketi ya ukutani. Namba ya kuaminika zaidi ni ile ya nguvu ya mfululizo, ambayo mara nyingi huandikwa RMS, nayo huwa ndogo sana ikilinganishwa na PMPO.

Spika zenyewe pia hutofautiana. Watengenezaji hupima ni desibeli ngapi spika hutoa kwa umbali wa mita 1 inapopewa takriban wati 1. Spika yenye kipimo cha 90 ikipewa umeme uleule itasikika kwa desibeli 4 zaidi ya yenye kipimo cha 86. Ili ya pili iifikie ya kwanza, inahitaji nguvu takriban mara mbili na nusu. Dukani, kitufe kikiachwa palepale, spika ya kwanza itashinda kila mara, hata kama ya pili ndiyo inayotoa sauti safi zaidi.

Simu, redio na deki hazitoi kiwango kimoja

Tatizo hilohilo hujitokeza nyumbani pale msikilizaji anapotaka kujua ni chanzo gani kina sauti nzuri: deki ya CD, simu, flashi au redio ya FM.

Deki ya CD, kwa desturi ya watengenezaji, hutoa umeme wa takriban volti 2 sauti inapofikia kilele chake. Simu nyingi, kupitia tundu la visikilizio, hutoa chini ya volti 1. Volti ikipungua kwa nusu, kiwango hushuka kwa desibeli 6. Kwa hiyo mtu anayechomoa waya wa deki na kuchomeka wa simu bila kugusa kitufe cha ampilifaya anasikia kwanza tofauti ya volti, kabla hajasikia tofauti yoyote ya ubora. Kwa Bluetooth mkanganyiko huzidi, kwani mara nyingi kuna vitufe viwili vya sauti, kimoja cha simu na kingine cha spika, na kimojawapo kikiwa nusu, kingine hulaumiwa.

Kisha kuna suala la matangazo yenyewe. Vituo vya redio duniani hutumia mitambo inayobana tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa, ili matangazo yasikike vizuri ndani ya gari au katika redio ndogo ya mkononi. Msikilizaji wa Bujumbura anayehama kutoka redio ya taifa ya RTNB kwenda Radio Isanganiro anaweza kulazimika kugusa kitufe. Hilo pekee halimwambii ni kituo kipi kinachotangaza kwa ubora.

Ili kupunguza vurugu hiyo, Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulitoa mwaka 2006 njia ya kupima ukubwa wa sauti kwa kuzingatia jinsi sikio linavyosikia, na vipimo hivyo sasa hutajwa kwa LUFS. Mwaka 2010 umoja wa mashirika ya utangazaji ya Ulaya, EBU, ukapendekeza kwamba vipindi viwe na wastani wa LUFS -23. Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria inayozuia matangazo ya biashara ya televisheni kupaza sauti kuliko vipindi, nayo ikaanza kutumika Desemba 2012. Katika muziki wa mtandaoni, Spotify katika mpangilio wake wa kawaida hulenga takriban LUFS -14. Tofauti kati ya -23 na -14 ni desibeli 9, yaani karibu sauti maradufu masikioni, kitufe kikiwa hakijaguswa.

Jinsi ya kusawazisha nyumbani

Usawazishaji hauhitaji maabara. Jambo la kwanza ni kutumia wimbo mmoja, tena rekodi ileile. Wimbo wa zamani uliotolewa upya mara nyingi huwa umeongezwa sauti na watayarishaji, hivyo toleo jipya linaweza kuonekana bora kwa sababu hiyo tu. Vitufe vya kuongeza besi na mipangilio yote ya kupamba sauti vizimwe kwenye vifaa vyote viwili.

Kama kinacholinganishwa ni vyanzo, kwa mfano simu na deki kwenye ampilifaya moja, njia sahihi zaidi ni kutumia multimita, kile kipimo cha umeme ambacho mafundi wengi hutembea nacho. Mlio wa majaribio wa mitetemo 1000 kwa sekunde, unaopatikana bila malipo mtandaoni, hunakiliwa katika CD na katika simu. Kisha mlio huo hupigwa kwa sauti ya wastani kutoka chanzo cha kwanza, na multimita iliyowekwa kwenye volti za AC hugusishwa kwenye ncha mbili za nyaya zinazoingia katika spika. Uangalifu unahitajika ili ncha hizo zisigusane, kwani zikigusana ampilifaya inaweza kuungua. Tena, kazi hiyo ifanyike kwenye nyaya za spika tu. Nyaya za umeme wa nyumba zisiguswe kamwe.

Tuseme kipimo kinaonyesha volti 2.00. Chanzo cha pili kinapowashwa, sauti yake hupandishwa au kushushwa mpaka namba iwe ileile. Tofauti ya asilimia 1 katika volti ni chini kidogo ya desibeli 0.1, hivyo 2.02 inakubalika. Tofauti ya asilimia 12 ni desibeli 1 nzima, nayo inatosha kupotosha hukumu. Hata multimita ya bei nafuu inafaa, kwa sababu ikiwa inakosea kidogo kwa mlio huo, inakosea sawasawa kwa vyanzo vyote viwili.

Kama kinacholinganishwa ni spika mbili, volti hazitoshi, kwa kuwa kila spika hugeuza umeme kuwa sauti kwa kiwango chake. Hapo hupimwa sauti yenyewe, mahali anapoketi msikilizaji. Mlio mmoja haufai, maana spika moja inaweza kuupenda kuliko nyingine na kuta za chumba huukuza au kuufifisha. Hutumiwa mvumo maalumu wa majaribio uliochanganya masafa yote, unaosikika kama mvua inayonyesha juu ya bati. Programu ya simu ya kupima desibeli inatosha kwa kazi hii, alimradi simu ileile iwekwe mahali palepale. Inaweza isiwe sahihi kwa namba kamili, lakini kwa kulinganisha inasaidia.

Dukani, ambako mteja hana zana hizo, programu hiyo ya simu ndiyo silaha yake. Anaweza kuomba wimbo wake mwenyewe upigwe katika kila kifaa, asimame umbali uleule, na sauti ipunguzwe au iongezwe mpaka simu ionyeshe wastani uleule. Pia anaweza kuomba kila kifaa kipigwe kwa sauti ndogo, ile atakayoitumia nyumbani usiku. Hapo ndipo udhaifu wa maneno yasiyoeleweka hujitokeza.

Redio ya FM ina ugumu wake, kwa sababu msikilizaji hawezi kuipigia mlio wa majaribio. Lakini ikiwa kituo hurusha matangazo yake pia kwenye intaneti, kipindi kilekile kinaweza kusikilizwa kwa njia zote mbili na wastani wa dakika chache ukasawazishwa. Matangazo ya mtandaoni huchelewa kwa sekunde kadhaa, jambo ambalo halizuii ulinganisho ila huufichua: anayesikiliza atajua ni ipi FM.

Kufumba macho ya anayehukumu

Baada ya kusawazisha bado kuna mtego mmoja, nao ni kujua bei. Mtu anayejua kipi ni cha bei kubwa ameshaanza kukisikia vizuri kabla hakijawashwa. Mwaka 1950, Munson yuleyule, akishirikiana na mwenzake Mark Gardner, alieleza utaratibu ambao baadaye ulizaa jaribio liitwalo ABX: msikilizaji husikia A, kisha B, kisha X, na hutakiwa kusema X ni ipi kati ya hizo mbili.

Nyumbani inatosha mtu mmoja wa familia kubadilisha vyanzo nyuma ya pazia kwa kurusha sarafu, huku mwingine akiandika majibu. Mabadiliko yafanyike haraka, kwani kumbukumbu ya undani wa sauti hudumu sekunde chache tu. Mtu anayebahatisha ana nafasi ya takriban 1 kati ya 100 ya kupatia mara 9 au zaidi katika majaribio 10. Akipatia mara 5 au 6, busara ni kuchukua kifaa cha bei nafuu.

Inanga na ngoma: mtihani wa Kirundi

Burundi ina muziki unaofaa kupima vifaa pengine kuliko wimbo wowote wa dansi. Upande mmoja kuna ngoma za kifalme, ambazo mwaka 2014 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Upande wa pili kuna inanga, zeze la ubao ambalo mpigaji wake huimba kwa kunong'ona. Mtafiti wa muziki Cornelia Fales, katika makala aliyoichapisha mwaka 2002, alieleza ajabu ya sanaa hiyo: mnong'ono hauna mlio wa juu wala wa chini, lakini ukiungana na nyuzi, msikilizaji huhisi kwamba sauti ya mwimbaji inaufuata wimbo.

Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi nchini Burundi muziki wa aina zote mbili, na rekodi hizo zikatolewa katika santuri na kampuni ya Ocora ya Ufaransa. Spika mbovu inaweza kujificha nyuma ya kishindo cha ngoma. Mbele ya inanga haina pa kujificha: mvumo wa umeme na ukungu katika maneno vyote husikika. Ni hapa methali ya debe tupu haliachi kuvuma inapopata maana yake halisi.

Rekodi hiyo pia inaonyesha mpaka wa kanuni yenyewe. Kusawazisha ni kwa ajili ya kulinganisha vifaa, si kwa ajili ya kusawazisha muziki. Programu ya simu inayoipa kila rekodi ukubwa mmoja inaweza kuupandisha mnong'ono wa inanga hadi ulingane na ngoma za kifalme, na hapo kinachopotea ni tofauti ambayo wasanii wenyewe waliikusudia. Anayesikiliza santuri nzima ni afadhali aizime huduma hiyo, au achague mpangilio unaoheshimu uwiano wa albamu.

Faida kwa masikio

Anayezoea kulinganisha kwa sauti sawa hupata faida nyingine: haongezi sauti ili apate ubora. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaeleza kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa takriban saa 40 kwa wiki bila kuhatarisha masikio yake. Kwa desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4, na kwa desibeli 100 hubaki dakika 20 tu kwa wiki nzima. Duka lenye sabufa tano zinazoshindana linaweza kumaliza kiasi hicho kabla mteja hajatoa pochi.

Mteja wa Buyenzi, basi, hahitaji kuwa mhandisi. Anahitaji wimbo anaoujua, simu mfukoni na ujasiri wa kumwambia muuzaji: "Punguza hii, ongeza ile kidogo, zilingane kwanza." Baada ya hapo, sabufa itakayompendeza zaidi ina nafasi nzuri ya kumpendeza pia usiku, nyumbani, majirani wakiwa wamelala.